Ganda Lina Kitako

Neno lililonikwamisha lilikuwa dogo: kichwa.

Nilikuwa na orodha ya istilahi za bunduki na risasi, kurasa kadhaa za Kiingereza, niitie Kiswahili. Aliyenipa kazi aliitaka kwa kuwafunza watu wanaopewa dhamana ya kushika silaha, na sharti lake lilikuwa moja tu: asomaye asilazimike kuuliza. Nimeshafasiri hati za mashamba, vijitabu vya chanjo, hata kanuni za uvuvi wa pweza. Bunduki sijawahi kuishika. Kwa hiyo nilianza kwa kumfuata Mwingereza nyuma nyuma. Yeye ganda la risasi amelipa viungo: lina mdomo, shingo, bega, mwili, na huko chini kabisa, pale linapogongwa ili lilipuke, anapaita kichwa. Nami nikaandika "kichwa cha ganda", nikageuza ukurasa.

Wiki ile nikavuka kwenda Pemba. Kulikuwa na arusi ya ndugu yetu, nikafikia Konde kwa ami yangu. Ami ana miaka themanini na ushei. Babaake, ndiye babu yangu, alikuwa msasi, akiitwa vijiji vyote vya karibu na msitu wa Ngezi nguruwe na tumbili wanapoingia kwenye mihogo. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua habari za ukoo wake, bila ya kuulizia zaidi. Usiku, baada ya isha, tumekaa barazani, akaniuliza nafanya kazi gani siku hizi. Nikamsomea orodha yangu kidogo kidogo. Alisikiliza mpaka nilipofika pale.

"Hicho kichwa kiko upande gani?"

"Chini, ami. Kule kunakogongwa."

Alinyamaza. Kisha akanyoosha mkono kwenye mtungi wa maji uliokuwa pembeni mwa mlango. "Ule mtungi, juu una nini?"

"Mdomo."

"Halafu?"

"Shingo. Tumbo."

"Na chini?"

"Kitako."

"Basi na ganda lina kitako, mwanangu. Sisi kitu kikisimama hatukitii kichwa chini."

Usiku ule nilifuta kurasa mbili nzima. Tangu hapo naamini jambo moja, nalo ndilo linalonifanya niandike haya: wanaosema Kiswahili hakina maneno ya mambo ya ufundi, mara nyingi hawajakwenda kumuuliza aliyeushika ufundi wenyewe. Kwa bunduki, maneno tulikuwa nayo tele. Yalipotea pale mikono ilipoacha kazi.

Ami alinieleza babu alivyokuwa akitia gobori lake. Kwanza baruti, inamiminwa kwa mdomo wa kasiba, kasiba ndiyo ile bomba ndefu ambayo leo magazeti yanaiita mtutu. Halafu kizibo cha makumbi ya nazi yaliyofikichwa. Halafu risasi yenyewe, au marisaa, vile vipande vidogo vidogo, kama anakwenda kupiga ndege. Halafu makumbi tena ili visimwagike. Kila kitu kinashindiliwa kwa mdeki, ule ufito wa chuma unaokaa chini ya kasiba. Mwisho fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, kinavikwa kwenye chuchu ya chuma nyuma ya kasiba. Ukivuta kifyatulio, mtambo, ile nyundo yake, unashuka, fataki inapasuka, cheche inaingia ndani, baruti inawaka. Kabla ya fataki kulikuwa na gumegume, bunduki iliyokuwa ikitoa cheche kwa jiwe kugonga chuma. Hizo ami hakuziona, lakini jina alikuwa nalo kutoka kwa babaake.

Hesabu maneno yaliyomo katika aya hiyo moja. Kasiba, kizibo, marisaa, kushindilia, mdeki, fataki, chuchu, mtambo, kifyatulio, gumegume. Hakuna hata moja alilotoa kitabuni. Yalikuwepo kwa sababu kila hatua ilipita mkononi mwa mtu, na mtu hawezi kumwambia mtoto wake "niletee kile" miaka yote bila ya kile kupata jina.

Na baruti nayo ina maneno ndani yake. Baruti nyeusi ya zamani ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti. Shura ndiyo inayotoa hewa ya kuunguzia, makaa ndiyo kuni, kiberiti ndicho kinachofanya moto ushike upesi. Kiberiti hapa si kijiti cha kuwashia jiko. Ni lile jiwe la manjano lenye harufu kali, na jina lake tumelipata kwa Waarabu. Vijiti vya kuwashia vilipoingia, vikaitwa kwa jina la dawa iliyopakwa ncha zake, na leo ukisema kiberiti hakuna anayefikiria jiwe. Risasi nayo imepita njia hiyo hiyo. Asili yake ni jina la madini, yale mazito, laini, ya kijivu, yanayoyeyuka juu ya moto wa kawaida. Watu waliyayeyusha wakayamimina kwenye kalibu yakawa vidonge vya bunduki, na vidonge vikachukua jina la madini. Ndiyo maana tunaandikia kalamu ya risasi mpaka leo, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe. Bunduki ukiifuata kwenye Kiarabu utafika kwenye tunda la kokwa, duara na gumu, kisha kwenye vidonge vya udongo vilivyokuwa vikirushwa kwa upinde kabla baruti haijajulikana. Silaha imeitwa kwa kile inachokirusha. Mzinga nimeupenda kuliko yote. Gogo lililotobolewa, likatundikwa mtini nyuki waingie, ndilo lililoupa jina lake mzinga wa vita, kwa sababu aliyeuona mara ya kwanza aliona kitu kirefu, cha mviringo, kina uwazi ndani.

Sasa nije kwenye ganda, maana hapa ndipo lugha yetu ilipopata mtihani.

Risasi ya kisasa, ile inayotiwa kwa nyuma, imekusanya kazi yote ya babu ndani ya kijisanduku kimoja cha shaba ya njano. Ndani ya kitako kuna fataki. Tumboni kuna baruti. Mdomoni imekalishwa risasi. Ganda linavishika vyote pamoja, na lina kazi nyengine ambayo mimi sikuwa nikiijua. Baruti inapowaka, nguvu yake inasukuma kila upande. Kuta za ganda zinatanuka, zinabana kwenye chumba cha bunduki, pale nyuma ya kasiba linapokaa, hewa ya moto haipati upenyo wa kurudi usoni kwa mpigaji. Sekunde haijakatika, shaba imejirudi kidogo, na ganda linaweza kuchomoka. Chuma kigumu kisingetanuka vile, na risasi laini ingetanuka isirudi. Shaba ya njano ina tabia mbili hizo kwa pamoja.

Na kwa kuwa shaba hairudi kikamilifu, ganda lililotumika huwa limenenepa kidogo. Hapo ndipo kazi ya kurudishia inapoanzia. Marekani wako wapiga shabaha wengi wanaookota maganda yao, wakayasafisha, wakayapitisha kwenye kalibu ya kuyarudisha umbo, wakayatia fataki mpya, baruti mpya na risasi mpya. Wanafanya hivyo kwa kupunguza gharama na kwa kutaka kila risasi ifanane na mwenzake. Ni kazi ya kipimo na subira, na yenye hatari kwa asiyeijua. Sisi huku hatuna mila hiyo, na sheria zetu haziachi silaha mikononi mwa kila mtu, nami naona ni kheri. Lakini maneno ya kazi hiyo tunayahitaji, kwa sababu mrudishiaji ndiye mtu pekee leo anayegusa kila sehemu peke yake, kama babu. Askari anapokea kitu kimoja kilichokamilika, anakiita risasi, basi.

Hilo ndilo tatizo. Kwa Kiswahili cha leo risasi ni madini, na ni kile kinachoruka, na ni kitu kizima pamoja na ganda lake. Katika mazungumzo haidhuru. Katika maandishi ya usalama inadhuru sana. Vipimo vya kazi hii, uzito wa kinachoruka na uzito wa baruti, vyote hupimwa kwa kipimo kimoja kidogo ambacho asili yake ni punje ya shayiri. Nikiandika "uzito wa risasi ni kadhaa", msomaji mmoja atapima kile kinachoruka, mwengine atapima kitu kizima, na kizima kinaweza kuwa na uzito wa zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo katika orodha yangu nimeamua hivi: risasi ni kile kinachoruka tu. Kitu kizima nimekiita risasi kamili. Ganda ni ganda, fataki ni fataki, baruti ni baruti. Waandishi wetu wa habari tayari wanasema "maganda ya risasi yaliokotwa", nao wako sahihi kabisa. Wakisema "risasi ziliokotwa" huku wakikusudia maganda, wamebadilisha ushahidi bila ya kukusudia, kwa sababu ganda linaanguka alipo mpigaji na risasi inaishia alipo mpigwa.

Kile kipimo kidogo nimekiita punje, na ndivyo kinavyostahiki kuitwa. Punje 7,000 zinafanya ratili moja, yaani paundi. Tola moja ya sonara ni punje 180. Nilipoyapata hayo nilifurahi, kwa sababu risasi ya bunduki ya .303, ile iliyobebwa na askari wa Kiingereza na wa King's African Rifles, jeshi lao la Waafrika wa Afrika Mashariki, katika vita viwili vikubwa, ilikuwa na punje 174. Mtu wa soko la Darajani, Unguja, aliyewahi kushika tola ya dhahabu kiganjani ameshaujua uzito wake, upungufu ni mdogo sana. Na bunduki ya marisaa inayoitwa namba 12 nayo ni habari ya ratili: gawa ratili moja ya risasi mafungu 12, kila fungu lifanye tufe, na tufe hilo moja litaenea kwenye kasiba yake, upana wa milimita 18.5. Namba 20 ni mafungu 20, kwa hiyo kasiba yake ni nyembamba zaidi, ingawa namba ni kubwa. Nilikuta watu wazima wanaolichanganya hili. Ukilieleza kwa ratili halichanganyiki.

Mizinga pia ilihesabiwa kwa ratili, yaani uzito wa tufe lake, na hapo historia yetu wenyewe inaingia. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, saa 3 na dakika 2, manowari za Kiingereza zilianza kuipiga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeshika usultani wa Zanzibar bila ya ridhaa yao, pale Forodhani, Unguja mjini. Upande wa kasri kulikuwa na mzinga wa shaba wa karne ya 17, mizinga miwili ya ratili 12 iliyotoka kwa mfalme wa Ujerumani, na bunduki za Maxim chache. Bandarini meli ya Sultani, Glasgow, ilikuwa na mizinga midogo ya ratili 9 na bunduki ya Gatling, zawadi ya Malkia Victoria kwa Sultani. Ndani ya dakika 38 hivi yalikuwa yamekwisha. Wazungu walihesabu makombora yao yapatayo 500 na risasi za bombomu, bunduki za rashasha, 4,100. Upande wetu waliouawa na kujeruhiwa ni watu 500 hivi, upande wao alijeruhiwa baharia mmoja. Glasgow ilizama, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji ya bandari mpaka mwaka 1912.

Kila nikipita Forodhani nahesabu: makombora 500 kwa dakika 38 ni 13 kila dakika, kwa manowari zote pamoja. Mzinga mmoja wa kushindilia kwa mdomo hauendi mbio hata ukiwa na watu hodari namna gani, kwa kuwa kila mara lazima mtu asimame mbele ya mdomo wake, asafishe, amimine, ashindilie. Kutia kwa nyuma ndiko kulikomwondoa mtu yule mbele ya mdomo. Na haikuwa bahati mbaya kwamba huku tulibaki na magobori. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, ukaachia bunduki za gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa, na biashara ile ilistahiki kukomeshwa. Lakini wakubwa wa waliotia saini ndio hao hao waliokuwa wakigawana nchi. Gobori la babu, ingawa lilikuwa la fataki, nalihesabu mtoto wa karatasi ile.

Elimu ya risasi inavyokwenda inaitwa balistiki, na ina vyumba vitatu: ndani ya kasiba, hewani, na ndani ya kile ilichokipiga. Cha tatu nimekifasiri kwa sababu nimelipwa kukifasiri, sitakizungumza hapa.

Cha pili kila mtoto wa Pemba amekisoma kwa manati. Embe likiwa karibu unalenga embe, likiwa mbali unalenga juu yake. Risasi nayo ni hivyo hivyo. Ile ya .303 ilikuwa ikitoka mdomoni kwa mwendo wa mita 744 hivi kwa sekunde. Ndani ya nusu sekunde imeshapita mita 300, na ndani ya nusu sekunde hiyo hiyo imeshaanguka kiasi cha mita 1.2 chini ya mstari iliyotokea, sawa na jiwe ulilolidondosha kutoka mkononi. Mwendo hauizuii kuanguka. Nimesoma na kusikia mara nyingi kwamba risasi "hupanda" inapotoka. Haipandi yenyewe. Kasiba imeinuliwa kidogo kuliko jicho linavyotazama, kwa hiyo risasi inaukata mstari wa jicho kwenda juu, kisha inaukata tena ikishuka. Hewa nayo inaikamata kwa nguvu kuliko watu walivyodhani zamani. Mwingereza Benjamin Robins, mwaka 1742, alitundika gogo zito likaning'inia, akalipiga risasi, akapima limebembea kiasi gani. Kwa bembea ile akajua mwendo wa risasi, na alipopima karibu na mbali akaona hewa inavyoula mwendo huo.

Risasi ya mviringo kutoka kwenye gobori inayumba kama chenza lililotupwa. Ndiyo maana kasiba za baadaye zikachongwa mifereji ndani, inayozunguka kama uzi wa skurubu. Kwenye .303 mfereji unamaliza duru moja kila inchi 10, na ukipiga hesabu utaona risasi inatoka ikijizungusha karibu mara 2,900 kwa sekunde. Kinachoiweka sawasawa hewani ndicho kinachoisimamisha pia, kile kichezeo cha mtoto kinachozungushwa juu ya sakafu. Pia ikizunguka haianguki. Mifereji hiyo inaiachia risasi michirizi, na kila kasiba ina michirizi yake. Calvin Goddard na wenzake huko Marekani, miaka ya 1920, walitumia hadubini inayoonyesha risasi mbili kwa pamoja, na mwaka 1929 Goddard akalinganisha maganda na risasi za mauaji makubwa ya Chicago. Mahakama nyingi za dunia zinategemea njia hiyo mpaka leo, na mkalimani akikosea neno pale, mtu anaweza kufungwa.

Chumba cha kwanza, ndani ya kasiba, ndicho kilichonishinda kwa neno moja la mwisho. Baruti nyeusi haiungui yote ikawa hewa. Zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa moshi mzito na uchafu mweusi unaoganda ndani ya kasiba, unavuta unyevu, unaleta kutu. Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na uchafu ukapungua sana, lakini haukwisha. Mwingereza ana neno lake kwa uchafu ule. Mimi niliandika "uchafu wa baruti", sikuridhika, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye kasiba nao ni uchafu.

Asubuhi ya pili nilimuuliza ami. Alifikiri, akasema babu alikuwa akimimina maji ya moto kasibani mpaka yatoke safi, lakini jina la kile kinachotoka halikumjia. Mkewe, ambaye mimi namwita mama, alikuwa uani anasugua sufuria ya wali wa arusi iliyokaa kwenye kuni usiku kucha. Akanyanyua mkono wake uliopakaa weusi mpaka kiwikoni.

"Si masizi hayo? Mimi ndiye niliyekuwa nikimchemshia maji yake. Akinambia, mwanangu, lete maji nitoe masizi."

Nikaandika masizi. Gobori lenyewe halipo tena, lilisalimishwa polisi babu alipofariki. Kilichobaki ni mdeki. Ami ameufanya komeo la dirisha la chumba nilicholala, na kabla sijaondoka niliutoa, nikaupima kwa shubiri: shubiri tano na vidole viwili, ncha moja imepanuka na kuwa laini kwa kushindilia. Nikaurudisha mahali pake, nikafunga dirisha.